Aliyejua Bei ya Chumvi

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, maana hadithi hii niliipata kwa namna mbili na nitakupa zote mbili. Usihangaike ukiona majina hayapo. Ya watu nimeyaacha kwa makusudi, na la jamii yenyewe pia, kwa kuwa si wao peke yao wenye hadithi ya namna hii. Inatosha ujue kwamba ni jamii ya wafanyabiashara wa Kihindi, watu wa nguo tangu zamani, ambao maduka yao yalifika Unguja, Mombasa na Kampala, na siku hizi yapo Dubai. Na ujue jambo moja zaidi kabla hatujaanza: niliambiwa nisiisimulie tena. Kwa hiyo naisimulia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa namtunza mama mzee katika ghorofa moja mtaa wa Al Mankhool, Dubai. Mimi ni Mkenya wa bara, kwetu ni milimani, ambako asubuhi ukifungua mdomo mvuke unatoka kabla ya salamu. Nilikwenda Dubai kufanya kazi ya hoteli. Hoteli ikafungwa, na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa akanichukua nimwangalie mama yake aliyepatwa na kiharusi. Yeye nilimwita sir, kama tunavyowaita waajiri wote huko. Mama yake kila mtu alimwita Ba, neno la Kigujarati la kumwitia mama, nami nikamwita hivyo hivyo.

Kiharusi kilimwachia Ba mkono wa kushoto mzito na ulimi wa ajabu. Kigujarati chake kilikuja vipande vipande, akitafuta neno mpaka machozi yanamlenga. Lakini alizaliwa Unguja, binti wa muuza kanga, na Kiswahili cha utotoni mwake kilibaki kizima kama sahani iliyonusurika kabati lilipoanguka. Daktari alisema hutokea. Mwanawe alizaliwa baada ya wao kuondoka Unguja, na hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Basi katika nyumba ile yenye watu wanaompenda, mtu pekee ambaye Ba aliweza kuongea naye akamaliza sentensi alikuwa mimi.

"We mwana wa bara," aliniambia wiki ya kwanza, "mbona Kiswahili chako kama mtu anapasua kuni?"

"Kuni zenyewe si zinawaka, Ba?"

"Zinawaka. Lakini moshi wake sasa."

Tukaelewana tangu hapo.

Sebuleni kwao palitundikwa picha kubwa ya rangi, na hiyo ndiyo hadithi ya kwanza. Mfalme kashuka kwenye farasi mweupe, kapiga magoti mbele ya mtawa, anaweka upanga chini na kupokea mizani. Sir alinieleza mwenyewe nilipokuwa mgeni, na alieleza kwa upole. Zamani wao walikuwa wapiganaji, watoto wa wafalme, wenye ngome katika nchi kavu. Adui aliizingira ngome, wakapigana, wakashinda, lakini mfalme wao alichoshwa na damu. Mtawa akamwambia: weka upanga, shika mizani. Tangu siku hiyo wakawa wafanyabiashara. Ndiyo sababu bwana harusi wao hushika upanga mpaka leo, hata kama kazi yake ni kuuza mapazia. Ni hadithi nzuri na sikuwa na ugomvi nayo.

Ba alikuwa na ugomvi nayo.

Kila asubuhi nilimsugua mkono ule mzito kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, kidole kimoja kimoja, na muda huo ndio alioutumia kunisomesha.

"Wakashinda wapi?" aliuliza, akiitazama ile picha kwa jicho la mteja asiyetaka kununua. "Walikufa. Wote. Wanaume walioshinda hawahami kwao wakaenda kuuza vitambaa. Tumia akili."

"Sasa nyinyi mmetoka wapi, Ba, kama walikufa wote?"

"Ndo nakwambia. Sugua."

Hii ndiyo hadithi ya pili, nami naiweka hapa kama alivyoitoa, bila kuipaka rangi. Wanaume walipokwisha, ngomeni walibaki mabibi na watoto, na masanduku ya nguo za harusi. Mlango mkubwa ulikuwa na adui. Palikuwa na mlango mdogo upande wa kisima, na aliyeujua ni mmoja tu, mwanamke mchota maji, kwa kuwa kila siku alipita hapo na mtungi. Hakuwa mke wa mtu wala dada wa mtu. Akawatoa wote kwa mlango ule, wakatembea.

Siku ya tatu wakafika sokoni wakiwa na njaa. Bibi mkubwa wa ngome akataka chumvi. Akavua bangili ya dhahabu akampa muuzaji kwa konzi moja ya chumvi, na muuzaji akaikubali haraka mno. Mchota maji akamnyang'anya ile bangili mkononi. Hapo Ba alikuwa anacheka kila mara kabla hajafika.

"Bibi mkubwa hajapata kununua kitu maishani mwake, mwanangu. Chumvi alikuwa anaiona kwenye sinia tu. Anayejua bei ya chumvi ni yule anayetumwa."

Basi mchota maji akafungua sanduku, akatoa nguo moja ya harusi. Alikosa kipimo. Kati ya vitu walivyobeba palikuwa na ala ya upanga, tupu, ya marehemu mmoja. Akaitumia hiyo kupimia. Ala moja ya hariri kwa vibaba kadha vya nafaka, ala mbili kwa mbuzi. Akawafundisha wale mabibi kukataa bei ya kwanza, na kukunja kitambaa kana kwamba wanaondoka. Wakauza njia nzima mpaka pwani. Walipofika, bibi mkubwa alimwita mama mbele ya watu wote.

"Sisi ni wa huyo," Ba alisema. "Wa mchota maji. Mfalme waachie wenye ukuta wa kumtundika."

Kutokana na hiyo ipo desturi, nami nakueleza polepole kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Kwao bibi harusi hufunga tangu alfajiri. Kabla hajanywa tone, lazima amimine maji kwa mkono wake mwenyewe, kwa kikombe cha shaba, ampe mwanamke anayeitumikia nyumba ile. Anywe huyo kwanza. Na mwanamke mzee kuliko wote wa ukoo husimama hapo akaeleza kwa nini. Ba aliambiwa na bibi yake, na bibi yake na wake. Ba mwenyewe dada hakuwa naye, binti hakuzaa. Alikuwa wa mwisho anayeijua, na mjukuu wake wa pekee wa kike alikuwa anaolewa.

Mjukuu huyo alifanya kazi ya kompyuta huko Silicon Oasis, na kila Ijumaa alikuja kula na bibi yake. Alimpenda, lakini walizungumza kwa kushikana mikono tu, maana mmoja alikuwa hana tena lugha ya kumjibu mwenziwe. Familia aliyokuwa anaingia ilikuwa ya matajiri wa kweli, watu ambao duka la sir lingeingia kwenye chumba chao cha viatu.

Miezi miwili kabla ya harusi, mpangaji wa harusi alileta ratiba na filamu. Tukaiangalia sebuleni kwenye televisheni. Jina lake lilikuwa "Asili Yetu". Farasi mweupe alikuwepo, mtawa, mizani iliyong'aa, sauti nzito ya mwanamume. Maji yalikuwemo pia kwenye ratiba: bibi harusi atammiminia mama mkwe, kwa kikombe cha fedha, wapige picha.

Ba alitazama mpaka mwisho. "Farasi huyo kapatikana wapi?" akaniuliza. "Sisi hata punda hatukuwa naye."

Sir akauliza mama anasema nini. Nikamwambia, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Hakucheka. Akapiga magoti karibu na kiti cha magurudumu cha mama yake akamwambia, akichanganya Kigujarati na Kiingereza, kwamba wageni ni wengi, kwamba kusimulia kutamchosha mama, na tena wakwe wale ni watu wanaopima. Yeye, sir, hawezi kusimama mbele yao kusema ukoo wake ulianzia kwa mtumishi.

Ba alikuwa ameelewa kila kitu, lakini akanigeukia. "Anasema nini huyu? Hebu niambie kwa Kiswahili, nataka nisikie linavyokaa."

Nikiwa na kikombe chake cha chai mkononi, ikanibidi niseme: "Anasema ni aibu kutoka kwa mtumishi."

"Ahaa," Ba akasema. "Linakaa vibaya."

Kesho yake sir aliniita jikoni. Alizungumza kwa heshima, sitamsingizia. Alisema siku ile nimkalishe Ba mbele, kwa ajili ya picha, lakini filamu ikianza nimsukume kwenye chumba cha kupumzika, nimrudishe baada ya maji. Ba ataudhika, lakini mimi najua kumtuliza. Halafu akasema, akiangalia friji, "Mkataba wako unaisha mwezi ule ule, sivyo? Tutaongea, inshallah."

Hakuna aliyepaza sauti. Huko mtu hapazi sauti. Kafeel wako, yaani mwajiri anayekudhamini, ndiye visa yako, na visa yako ndiyo karo ya watoto wa dada yako, na wote wawili mnajua. Nikasema, "Nimesikia, sir." Nilikuwa nimesikia kweli. Kukubali sikukubali, na angeniuliza ningemwambia.

Nikamweleza Ba yote. Sikutaka kumficha mtu mzima mambo yake mwenyewe.

Akauliza, "Na wewe utafanya nini?"

"Nitakuwa nyuma ya kiti, Ba. Kiti kina breki."

"Wakikufukuza?"

"Nitakunja kitambaa kana kwamba naondoka."

Akacheka mpaka nikamfuta mdomo.

Tukaanza mazoezi. Yeye kwa Kiswahili, mimi namfuata kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, mafuta ya ufuta yakikauka kwenye bakuli. Hapo nilifanya kosa ambalo wewe pia ungelifanya, kwa hiyo usinicheke. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikafika kwa mchota maji nikasema kwa Kiingereza "mwanamke mmoja mwema wa ngome". Ba, ambaye bado alielewa Kiingereza cha kutosha cha dukani, alinigonga kifundo cha mkono kwa kijiko.

"Nimesema mchota maji."

"Nilidhani ikilainishwa kidogo watu wataipokea."

"Wewe unafanya kazi gani hapa?"

"Nakutunza, Ba."

"Unanitumikia. Kuna ubaya?"

"Hakuna."

"Basi sema mchota maji. Ukimvisha cheo, utakuwa umemuua mara ya pili, baada ya ile picha."

Nilijifunza. Wiki ya mwisho nilikwenda mtaa wa Satwa kwa fundi akanishonea gauni la kitenge nilichotumiwa kutoka nyumbani, kwa sababu mavazi niliyopewa kuvaa siku ile yalikuwa ya rangi ya ukuta, ili nisionekane kwenye picha. Nikayakunja vizuri nikayaacha kabatini.

Harusi ilikuwa mchana, katika ukumbi wa hoteli. Nilimweka Ba mbele, upande wa kulia wa jukwaa lenye moto ambao maharusi huuzunguka. Taa zilipofifia na farasi mweupe akatokea ukutani, sir alinitazama kutoka upande wa pili. Akatikisa kichwa kuelekea mlangoni. Nikakanyaga breki ya kwanza, kisha ya pili. Akatikisa tena. Nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya mgongo wa kiti na kumtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka yote ile.

Ba aliitazama filamu kwa adabu mpaka ikaisha. Akapiga makofi kwa mkono wake mmoja, pajani.

Kisha mpangaji akaleta kikombe cha fedha. Bibi harusi, midomo imekauka tangu alfajiri, akainama ammiminie mama mkwe. Walikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kiti cha Ba. Ba akanyoosha mkono wake mzima, akafunika mdomo wa kikombe kwa kiganja. Maji yakamwagika juu ya vidole vyake.

"Bado," alisema.

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Kutoka kwenye mkunjo wa sari yake, Ba akatoa kikombe cha shaba, kile cha bibi yake, chenye kibonyeo pembeni. Akakiweka kwenye mapaja. Akaanza kwa Kiswahili, "Wanaume walikufa wote." Mimi nikasema kwa Kiingereza, "Wanaume walikufa wote."

Sir alikuwa amesimama. Mpangaji alimkimbilia bibi harusi na kipaza sauti, nadhani ili atangaze muziki uanze. Bibi harusi akakipokea, akakisogeza mdomoni kwa bibi yake. Ba akimaliza sentensi, binti anakileta kwangu. Akawa anakwenda na kurudi hivyo, na bangili zake zinalia, mpaka tulipofika kwenye chumvi.

"Anayejua bei ya chumvi ni yule anayetumwa," nikasema kwa niaba ya Ba.

Nyuma, mahali walipojipanga wahudumu wa hoteli na sinia zao, mtu alicheka kwa sauti. Alikuwa Mganda, nilimjua kwa kicheko. Mbele watu wawili watatu waliinuka wakatoka, kwa heshima zote, wakijifanya simu zimeita. Nilisema mchota maji mara sita, kila mara kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo. Tulipomaliza kwa "Sisi ni wa huyo," hakuna aliyepiga makofi. Wala hatukuyasubiri.

Bibi harusi akachukua kikombe cha shaba, akakijaza. Akanipa mimi. Yalikuwa maji ya friji ya hoteli, ya baridi hata meno yaliuma, na nikayanywa yote, polepole, nimesimama, na gauni langu la kitenge likiingia kwenye kila picha.

Mama mkwe, ambaye mkono wake bado ulikuwa umenyooshwa, aliushusha. "Basi mimi nitakunywa wa pili," alisema. "Kiu ninayo hata hivyo." Sijui kama alikasirika. Alikunywa.

Juma lililofuata sir aliniita mezani. Karatasi za mkataba zilikuwa mbele yake, na kalamu juu ya karatasi hizo.

"Uliongeza chochote kwenye maneno ya mama?"

"Sikuongeza wala kupunguza, sir."

"Hadithi hii iishe hapa. Khalas. Usiisimulie kwa mtu mwingine. Nikubalie hilo tu, nitie sahihi."

Nataka unielewe vizuri hapa, kwa sababu watu huniuliza kama nilikuwa na haki. Haikuwa hadithi ya ukoo wangu. Ningeweza kusema ndiyo na pasingekuwa na mtu wa kunilaumu. Lakini nilikuwa nimekunywa yale maji. Aliyekunywa ameshaingia ndani ya hadithi, na mtu hawezi kuahidi kunyamaza kuhusu nyumba aliyomo.

"Siwezi kukuahidi hilo, sir."

Akazirudisha karatasi ndani ya bahasha, bila hasira, akaninunulia tiketi.

Ba aliniaga chumbani kwake. Hakulia, akanikosoa. "Umesema nafaka, hukusema kibaba. Andika." Nikaandika kwenye daftari mbele yake, hadithi nzima, akasikiliza nikisoma, akarekebisha mahali pawili, akalala.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, nikiwa nyumbani milimani, simu yangu ililia asubuhi. Alikuwa yule bibi harusi. Alisema bibi yake haongei tena lugha yoyote. Alisema amejifungua mtoto wa kike na anataka kumwandikia hadithi, lakini amekwama. "Nakumbuka bangili," alisema, "nakumbuka muuzaji aliikubali haraka mno. Halafu mchota maji alifanya nini?"

Nikaleta daftari. Nikamsomea taratibu, naye akaandika, na kila alipokosea nikamwambia arudie. Baba yake, alisema, alikuwa amekaa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi.

Sasa wewe. Nenda kwa mzee wa kwenu wiki hii, umwombe akueleze nyinyi mmetoka wapi. Usimkatize. Akimaliza habari za mashujaa, muulize nani alikuwa akichota maji, na uandike jibu lake kama alivyolisema.